Laptopu Imejaa? Hamia Diski Kubwa Bila Kupoteza Rekodi, Wala Pesa

Ile alama nyekundu ya kusema nafasi imebaki kidogo huwa haitokei siku umetulia. Inatokea jioni ya mkutano wa chama, wakati mweka hazina anajaribu kupakua stetimenti ya mwezi na laptopu inakataa kuihifadhi. Anafuta picha mbili tatu, anafuta video ya harusi ya binamu, kazi inaendelea. Wiki ijayo shida ni ile ile.

Suluhisho linajulikana: nunua diski kubwa zaidi, hamisha kila kitu, endelea na maisha. Ni kazi ya mchana mmoja na mafundi wengi wanaiweza. Lakini kwa mtu ambaye laptopu yake inabeba hesabu za pesa, iwe za chama, duka, kanisa au biashara ya mtandaoni, kuna mambo matatu yanaweza kwenda mrama. Rekodi zinaweza kupotea, pesa ya diski inaweza kuishia kwa tapeli, na diski ya zamani inaweza kubaki mikononi mwa mtu ikiwa bado na maisha yako yote ndani.

Katika makala hii tutamtumia mweka hazina wetu kama mfano. Laptopu yake ina diski ya gigabaiti 500 iliyojaa, na anataka kuhamia ya terabaiti 1. Kama wewe ni mwanafunzi au una duka, hatua ni hizo hizo.

Kwanza, jua unahamisha nini

Watu wengi wakisema "kila kitu" wanafikiria picha na muziki. Fungua laptopu yako uangalie vizuri. Kuna faili za Excel za michango. Kuna PDF za stetimenti za akaunti na za simu. Kuna nakala za vitambulisho vya wanachama zilizoskaniwa siku mnasajili kikundi. Kuna risiti za wauzaji. Kwa wenye biashara, kuna rekodi za ushuru, na sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya 2015 inataka rekodi hizo ziwekwe kwa miaka 5. KRA wakikuuliza kuhusu mwaka juzi, huwezi kujibu kwamba diski iliharibika ukategemea wakuonee huruma.

Halafu kuna vitu usivyoviona. Kivinjari chako kimehifadhi pasiwadi. Barua pepe iko wazi. WhatsApp imeunganishwa. Akaunti ya eCitizen na ya iTax zinajijaza zenyewe ukibonyeza mara moja. Vyote hivi vinakaa kwenye hiyo diski.

Jambo moja ambalo wateja wengi hulisahau: stetimenti nyingi za PDF hufungwa kwa kodi. Ukizihamisha, kufuli inahama nazo. Kama kodi ilikuja kwa SMS na ulishaifuta, utakuwa na faili nzuri ambayo haifunguki. Kwa hivyo kabla ya kuhamisha, fungua stetimenti zako za zamani moja moja. Ile isiyofunguka, iombe upya sasa hivi wakati huna haraka.

Diski yako ni ya aina gani?

Usinunue chochote kabla ya kujibu swali hili. Diski hazifanani, na muuzaji akiwa na haraka atakuuzia ile iliyo karibu na mkono wake.

Laptopu za zamani nyingi zina diski ya inchi 2.5, yenye umbo la kijitabu kidogo. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka. Hii unaweza kuitoa na kuweka SSD ya SATA ya umbo lile lile, isiyo na kitu kinachozunguka. Utapata nafasi na pia kasi: diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na SSD ya SATA hufika karibu 550.

Laptopu za kisasa zina kipande chembamba kinachoitwa M.2, karibu ukubwa wa kipande cha chingamu. Hapa kuna mtego. M.2 ziko za SATA na ziko za NVMe, na zinakaribia kufanana kwa macho. Mara nyingi ya NVMe ina mkato mmoja kwenye meno yake na ya SATA ina mikato miwili. Ukinunua isiyo yako, itakaa kwenye tundu au itakaribia kukaa, lakini laptopu haitaiona. Angalia pia urefu. Zile zilizoandikwa 2280 zina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na 2242 ni fupi kuliko hizo.

Kuna laptopu zisizobadilishwa diski kabisa. MacBook zilizotolewa kuanzia 2018 zina hifadhi iliyogandishwa kwenye ubao. Zile laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32 au 64 pia huwa hivyo. Fundi akikuambia anaweza kukuwekea kubwa kwa hizi, muulize ataitoa vipi ile iliyopo. Kwa laptopu kama hizo, diski ya nje ya USB ndiyo njia.

Njia rahisi ya kujua: tafuta modeli kamili ya laptopu yako, ambayo kawaida iko kwenye stika chini yake, halafu usome maelezo ya mtengenezaji. Ukienda dukani, nenda na picha ya hiyo stika kwenye simu.

Nakala ya akiba kabla ya bisibisi

Hatua hii usiiruke hata kama fundi anakuambia "usijali, nimefanya hizi nyingi". Diski ya zamani ikiwa imechoka, kazi ya kuinakili yote inaweza kuwa ndiyo ya mwisho kufanya. Inasomwa kona hadi kona bila kupumzika, na kama ilikuwa inachechemea, hapo ndipo inaanguka.

Anza kwa kupima afya yake. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuambia kama hali ni nzuri au ni ya tahadhari. Ikisema tahadhari, au ukisikia diski inagonga kama saa ya ukutani, acha mengine yote. Toa kwanza faili muhimu, ndipo ufikirie kuhamisha.

Faili muhimu ni chache kuliko unavyodhani. Michango ya chama, stetimenti, risiti na vitambulisho kwa kawaida haviwezi kujaza hata flashi ndogo. Google hukupa gigabaiti 15 za bure, ingawa unazigawana na Gmail na picha zako. Weka nakala moja hapo na nyingine kwenye flashi. Flashi usiiweke kwenye mfuko mmoja na laptopu. Mfuko ukiibwa kwenye matatu, vyote vinaenda pamoja.

Kama una faili inayoitwa "pasiwadi" au "PIN" kwenye laptopu, usiinakili popote. Ifute, ubadilishe PIN hizo, halafu uzihifadhi kichwani. PIN ya pesa haina kazi kwenye Excel.

Kununua: lipa kwa akili

Ukishuka Luthuli Avenue jijini Nairobi utakuta maduka ya vifaa vya umeme yamepangana. Mitandaoni ni wauzaji wengi zaidi, kila mmoja na picha nzuri. Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo hapa tutakaa kidogo.

Kwanza, bei. Ukiona flashi au diski ya nje ya terabaiti 2 inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, si bahati yako. Kuna diski feki zilizochezewa ili ziiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Ndani zina gigabaiti chache tu. Utaweka faili, zitaonekana zimeingia, kumbe zile za mwisho zinaandikwa juu ya zile za kwanza. Utagundua siku ya kufungua. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski kwa data na kuisoma tena, ikakuambia nafasi halisi. Ifanye diski ikiwa bado mpya na tupu, kabla waranti na subira ya muuzaji havijaisha.

Usishtuke lakini kama diski halali ya terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931 kwenye Windows. Hujaibiwa. Watengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Ndiyo maana pia ile ya zamani ya 500 ilikuwa inasoma 465.

Pili, malipo yenyewe. Zingatia haya:

- Lipa kwa Till au Paybill ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi. Jina la biashara likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Duka linaitwa hivi na jina ni la mtu mwingine? Uliza. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, weka simu mfukoni.
- Muuzaji wa mtandaoni akisema "tuma yote kwanza nikutumie na gari ya saa nane", mwombe ulipie ukipokea. Wengi walio halali watakubali, au watakuelekeza dukani kwao.
- Meseji ya uthibitisho ni risiti yako. Usiifute. Omba pia risiti ya karatasi yenye siriali namba ya diski, tarehe na muda wa waranti. Siku diski itakapogoma, siriali namba ndiyo itakayothibitisha kwamba ni ile ile waliyokuuzia.
- Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja ya mtoa huduma wako papo hapo. Kila dakika inahesabika, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni ngumu kurudi.
- Hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza PIN. Hata akiwa na sauti tamu, hata akijua jina lako lote.

Kunakili diski nzima au kuanza upya?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima jinsi ilivyo: Windows, programu, faili, hata picha iliyo kwenye skrini. Ukiwasha, ni kama hakuna kilichobadilika. Ya pili ni kuweka Windows mpya kwenye diski mpya, halafu kurudisha faili zako peke yake.

Kama laptopu inafanya kazi vizuri na shida ni nafasi tu, nakili. Kama ina virusi, inakwama kila mara, au hujui nusu ya programu zilizomo, anza upya. Ukinakili uchafu, unapata uchafu kwenye diski kubwa. Na kama bado uko Windows 10, kumbuka Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo kuanza upya na toleo jipya, kama laptopu inaliweza, kuna maana zaidi kwa mtu anayeshughulika na pesa.

Kwa kunakili, unahitaji waya wa SATA kwenda USB, au kava ya USB ya kuwekea M.2, ili diski zote mbili zionekane kwa wakati mmoja. Programu zipo za bure. Clonezilla ni mojawapo, ingawa sura yake ni ya kizamani. Samsung, Crucial na WD hutoa programu za kunakili kwa wanaonunua diski zao.

Hapa kuna kosa moja linaloumiza kuliko yote: kugeuza mwelekeo. Programu itakuuliza diski ipi ni ya kutoka na ipi ni ya kwenda. Ile ya kwenda inafutwa yote. Ukizibadilisha, unanakili utupu juu ya miaka yako ya hesabu. Tumia ukubwa kuzitofautisha: kwa mfano wetu, inayosoma 465 ni ya zamani, inayosoma 931 ni mpya. Soma mara mbili, halafu mwombe mtu mwingine asome kabla ya kubonyeza.

Kuhusu muda, gigabaiti 300 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ni dakika 50 kwa hesabu ya karatasi. Kwa hali halisi, tenga masaa mawili au matatu. Chomeka chaja, na uhakikishe betri inashika moto. Stima ikipotea katikati na betri imekufa, utaanza upya.

Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kwanza na uhifadhi ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uchapishe au uuandike, maana bila huo diski inaweza kukukatalia wewe mwenyewe mwenye mali.

Kwa fundi: maneno ya kusema mapema

Si lazima ufanye mwenyewe. Lakini kabla fundi hajafungua skurubu ya kwanza, kubaliana naye haya kwa adabu, mkiwa mmesimama hapo kaunta.

"Boss, hii kazi naweza kukaa nikiiona?" Fundi mwaminifu atakuonyesha kiti.

"Diski ya zamani narudi nayo." Sema hivi mwanzoni. Ukisema mwishoni, unaweza kuambiwa imeshaingia kwenye boksi la vifaa.

"Pasiwadi nitaiweka mwenyewe." Kunakili diski hakuhitaji pasiwadi yako ya Windows. Fundi anaweza kuinakili ikiwa nje ya laptopu bila kufungua faili hata moja. Mwishoni, wakati wa kujaribu, chukua kibodi uandike mwenyewe.

Na hapa kuna tabia ya kuacha leo. Windows hukuruhusu kufungua kwa PIN ya tarakimu nne, na wengi wetu tunaweka ile ile ya pesa za simu kwa sababu ndiyo tunayoikumbuka. Ukimpa mtu PIN ya laptopu ili akufanyie kazi, umempa na ya pesa. Zitenganishe.

Kwa malipo ya ufundi, gawanya: kidogo mwanzoni ikibidi, na kinachobaki laptopu ikishawaka na umeangalia faili zako.

Ikishawaka, hakiki

Toa diski ya zamani kabla ya kuwasha laptopu na mpya kwa mara ya kwanza. Nakala mbili zinazofanana zikiwa kwenye mashine moja, Windows inaweza kuchanganyikiwa na kuizima mojawapo.

Ikiwaka, usishangae kuona bado inasoma gigabaiti 465. Nafasi iliyoongezeka iko, haijaunganishwa tu. Kwenye Disk Management unaiona kama eneo tupu, na unaweza kuirefusha sehemu ya C iichukue. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu kuna kisehemu cha kurejesha Windows kilichokaa katikati, na programu ya kunakili kwa kawaida inaweza kukisogeza.

Sasa fanya kazi ya mweka hazina. Linganisha folda za michango: idadi ya faili na ukubwa kwenye diski zote mbili. Fungua faili za mwaka wa kwanza, za katikati na za juzi. Fungua stetimenti moja kwa kodi yake. Jumlisha mwezi mmoja uone kama unalingana na daftari. Windows kuwaka hakutoshi kusema kazi imekwisha. Wanachama watakuuliza michango yao, hawatakuuliza kama laptopu iliwaka.

Diski ya zamani: usiiuze hivi hivi

Iweke kando wiki mbili hadi nne bila kuigusa. Ni bima yako kama kuna faili uliyoisahau.

Baada ya hapo, kumbuka kilichomo. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuziondoi. Programu za bure zinaweza kuzirudisha. Mtu akiinunua kwa bei ya jioni, anaweza kupata vitambulisho vya wanachama, nambari za simu, michango ya kila mmoja, na barua pepe yako ikiwa bado wazi. Huo ndio mtaji wa matapeli. Anapiga simu akijua jina lako, chama chako na kiasi ulichotuma mwezi uliopita. Nani hatamwamini?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia inakuhusu. Ukikusanya na kutunza taarifa za watu wengine, una wajibu wa kuzilinda, hata kama ni kwenye laptopu ya nyumbani.

Kwa diski ya kuzunguka, fanya umbizo kamili kwenye Windows: ondoa alama kwenye Quick Format, uiache ifanye kazi hata kama ni masaa. Kwa SSD, tumia programu ya mtengenezaji yenye kazi ya kufuta kwa usalama. Kama diski imekufa na haisomi kabisa, usiiuze kama vipuri, iharibu. Halafu chukua simu, nenda kwenye WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, utoe vyote usivyovitambua. Badilisha pasiwadi ya barua pepe pia, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote.

Kwa ufupi, huu ndio mpangilio: pima afya ya diski, weka nakala mbili za faili muhimu, thibitisha aina, lipa kwa jina unalolitambua, nakili ukiwa na stima ya uhakika, hakiki hesabu, subiri, ndipo ufute ya zamani. Ukiruka moja, hakikisha unajua unaruka nini.

Mjue mweka hazina wa chama chenu? Mtumie makala hii kabla ya mkutano ujao. Na mkikutana, muulizeni swali moja: laptopu ikizimika leo usiku, rekodi zetu ziko wapi kwingine?